Mpiga Picha wa Migongo

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kuitumikia Taasisi yetu kwa miaka ishirini na saba, mpiga picha wetu mkuu anastaafu. Hii ni tarehe ya tatu kutangazwa. Ya kwanza iliahirishwa tukiwa tumeshaagiza keki, ya pili iliahirishwa tukiwa tumeshaila, na hii ya sasa ofisi ya utumishi inaapa kwamba haitasogea. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu naandika huku nusu naamini, nusu nasubiri kupigiwa simu niambiwe niufute.

Kwa wafanyakazi wapya, ambao wamemwona tu akipita koridoni na begi lake jeusi: jina lake liko kwenye hati za mshahara, na bila shaka mkewe analijua. Sisi wengine tunamwita Mzee Geuka. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka yote hiyo, kabla ya kubonyeza kamera yake, amekuwa akitamka neno moja kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa: "Geuka." Na aliyeambiwa, hata awe tajiri wa namna gani, aligeuka.

Hapa inabidi nieleze, na kueleza kwenyewe kunanitoa jasho.

Familia iliyoanzisha Taasisi yetu ilipata utajiri wake kwa programu ya kutambua sura za watu. Mnaijua vizuri. Ndiyo inayotufungulia geti asubuhi, ndiyo iliyomo kwenye simu zenu, na ndiyo iliyomfungia nje mhasibu wetu siku aliponyoa ndevu, akabaki na mlinzi hadi mchana akibishana na ukuta. Aliyeibuni ni Mama Mwasisi, kwenye meza ya jikoni, mtoto mmoja mapajani na wawili wakigombana chini ya meza. Programu yake ilifundishwa kutambua mamilioni ya watu ambao yeye hakuwahi kukutana nao. Na ni Mama Mwasisi huyo huyo aliyeweka sheria kwamba yeye, marehemu mumewe na watoto wao watatu wasipigwe picha ya uso, ukiacha ile ya pasipoti, popote, na mtu yeyote, hata siku ya kukata utepe.

Kwa nini? Nimefanya kazi hapa miaka kumi na moja na bado sijui. Kipeperushi chetu kinasema ni unyenyekevu, kwamba atoaye kwa mkono wa kulia hata wa kushoto usijue. Dereva wa familia, ambaye hujibu maswali yote akiwa ameegemea gari, ana maoni mengine. "Mpishi akikikataa chakula chake mwenyewe," huniambia, "wewe jiulize ametia nini." Kitinda, yaani binti wa mwisho wa nyumba ile, aliwahi kunieleza kwa kicheko kwamba mama yao hapendi tu meno yake yanavyotoka kwenye picha. Nimezipima sababu zote tatu, na kila siku ya wiki naamini moja tofauti.

Basi katikati ya sheria hiyo ndipo alipoingia Mzee Geuka. Alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti karibu na kituo cha mabasi: kiti kimoja, pazia la bluu na kioo cha kuchania nywele chenye ufa. Kazi yake ilikuwa nyuso tu. Watu walikaa, akawaambia wakaze uso wasicheke, wakalipa, wakaenda zao. Mama Mwasisi alifika pale kwa picha za safari, akaona mtu anayefanya kazi haraka na haulizi maswali, akamwajiri kabla picha hazijakauka. Siku ya kwanza kazini akaambiwa kwamba nyuso haziruhusiwi. Mzee anasema alirudi nyumbani akamwambia mkewe ameajiriwa na watu wazuri sana, ila hajaelewa kazi yenyewe ni ipi. Mkewe akamwuliza kama mshahara aliuelewa. Akasema ndiyo. Wakalala.

Kisha akaanza kujifunza. Mgongo, wenzangu, si kitu cha kupiga hivi hivi. Mtu akisimama mbele ya kamera hutengeneza uso: anatabasamu, anainua kidevu, anaingiza tumbo. Mgongoni hajui atengeneze nini. Kwa hiyo Mzee wetu alianza kutazama mabega, visogo, mikono inayoshikana nyuma na viatu vinavyosuguana. Alijua mwanga wa asubuhi ukipita shingoni unafanya nini. Aliweza kumwambia Kaka, mtoto wa kati, "Mgongo wako leo umenuna," na Kaka akakiri kwamba kweli ameamka vibaya. Nilipoletwa kitengo cha habari kuandika maelezo ya picha nilidhani wananitania. Nilikabidhiwa picha ya watu watano waliotupa kisogo na kuambiwa niandike: kutoka kushoto.

Na picha hizo zimezunguka. Wodi za wazazi tulizojenga, maktaba, zahanati za macho, mabweni ya wasichana, kote huko Mzee Geuka alikuwepo na begi lake. Utaratibu ulikuwa mmoja. Wenyeji wanakaa kwenye viti vya plastiki wakitazama kamera kwa furaha, na familia inasimama mbele yao ikiwa imeigeuzia kamera mgongo. Wenyeji wengi walichanganyikiwa. Kwenye ufunguzi wa wodi moja, bibi mmoja mwenye fimbo alitutazama tukipanga watu, akavumilia, kisha uvumilivu ukamwisha. Akainuka, akaizunguka kamera, akasimama nyuma yake karibu na Mzee na kuanza kuinama huku na huku kama anayetafuta kitu kilichopotea. "Hawa watu wamekasirishwa na nani?" akauliza. Mzee akamjibu kwamba hawajakasirika, ni aibu tu. Bibi akasikitika sana. Alikwenda kumshika Mama Mwasisi mkono na kumwambia asione haya, mbona ni mzuri.

Katika mafanikio yake lazima niandike hili: kwa miaka ishirini na saba hakuna uso wa familia uliotoka katika chapisho letu lolote. Lilitoka sikio moja la Kaka, mwaka wa mafuriko, nalo likaitishiwa kikao. Waliohudhuria wanasema kilikuwa kirefu na kwamba hadi mwisho hawakukubaliana sikio ni sehemu ya uso au la.

Kisa cha fundi bomba nacho nikikiacha hamtanisamehe. Tulipofungua maktaba yetu ya tatu, Kaka alitoka kidogo kuongea na simu. Fundi bomba, aliyekuwa akifunga koki ya mwisho uani, akasogea kutazama sherehe na kusimama kwenye nafasi iliyo wazi kando ya Dada Mkubwa, kifungua mimba wa familia. Shati jeupe, urefu ule ule. Mzee akabonyeza. Picha ilipoletwa kukaguliwa, Mama Mwasisi alikuwa safarini, kwa hiyo ikakaguliwa na Dada Mkubwa, naye akasema hiyo ni safi, na huyo hapo ni ndugu yake. Kaka mwenyewe akaonyeshwa. Aliitazama kwa muda, akasema, "Kipindi kile nilikuwa nimenenepa." Tukaikuza, tukaitia fremu, tukaitundika mapokezi. Ikakaa pale hadi siku mke wa fundi alipokuja kumletea mumewe spana aliyoisahau. Alisimama mbele ya fremu, akashika kiuno. "Huyu ni wangu," akasema. "Hilo bega la shati nimelishona mimi." Uongozi ukatoa picha ukutani, fundi akaomba nakala, na ninavyosikia iko sebuleni kwake hadi leo.

Tulicheka mwaka mzima. Sikujua bado kwamba kuna kitu hapo cha kutuhuzunisha, kwamba dada alikuwa hamjui ndugu yake kwa nyuma, na ndugu hajijui mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita Mama Mwasisi alianza kusahau. Ilianza kwa vitu vidogo ambavyo sote husahau, miwani, siku ya kikao, alikouacha mkoba. Kisha akaanza kusahau watu. Naandika haya kwa ruhusa ya Dada Mkubwa, ambaye aliisoma aya hii na kusema iandike tu, wafanyakazi wengi wana wazazi. Mwaka huu ilifika mahali mama haijui sura yoyote. Muuguzi wake huanza kila asubuhi kwa kujitambulisha. Watoto wake watatu wakienda kumwona huwapokea kwa adabu zake zote, huwauliza wametoka mbali kiasi gani, huagiza wapewe viti. Mama aliyeifundisha mashine kutambua sura za watu wa dunia nzima hakutambua za wanawe. Dereva alipopata habari hiyo aliacha kuegemea gari. "Kinyozi hajinyoi," alisema, na siku hiyo hakuwa na utani.

Daktari akashauri picha. Aliwaambia watoto wakusanye picha za zamani, wakae naye, wamwonyeshe: huyu ni mimi nikiwa mdogo, huyu ni baba, hii ni siku ile. Wakati mwingine, alisema, mlango hufunguka. Dada Mkubwa akashuka mwenyewe hadi kwenye chumba chetu cha kumbukumbu. Nilikuwepo. Alifungua droo moja baada ya nyingine, akatazama picha za miaka ishirini na saba, na katika zote hakukuwa na jicho, pua wala tabasamu la mtu wa kwao. Alikaa kwenye ngazi ya kufikia rafu za juu, akashika tama. Mzee Geuka alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Nilimwona mtu ambaye kazi yake ya maisha imetandazwa mezani, na kila picha inampa kisogo.

Ndiyo maana tarehe ya kwanza ya kustaafu ikaahirishwa. Dada Mkubwa alimwomba abaki kwa kazi moja: aipige familia yote picha za uso, pamoja na mama, kabla muda haujaisha. Sheria imefutwa, akasema. Alitaka mama atazame picha mpya yenye nyuso zao zote pamoja na wake, labda hapo atawajua. Wote watatu walilitaka hilo kuliko kitu kingine chochote, na fedha zao zote hazikuwafaa kitu.

Nilikwenda kumsaidia kushika taa. Ilikuwa asubuhi, sebuleni kwao, mapazia yamefunguliwa yote. Mama Mwasisi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mtandio mabegani, kikombe mkononi. Muuguzi alisimama kando. Alikuwa ameniambia mlangoni kwamba mama ameamka vizuri ila tayari ameuliza mara kadhaa kama wageni wamepata chai.

Sijawahi kuona watu wamechanganyikiwa kama asubuhi ile. Wale watatu hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Dada Mkubwa alitabasamu kwa meno yaliyokazwa. Kaka alikodolea macho kona ya dari. Kitinda alicheka, akalia kidogo, akacheka tena, akaomba radhi. Na Mzee wetu, aliyepiga nyuso nusu ya ujana wake, alifuta lenzi iliyokuwa safi tayari. Aliwaambia, "Tazameni hapa," nao wakatazamana kwanza, kwa sababu maneno hayo hawajawahi kuyasikia kutoka kwake. Mama alituangalia sote kwa upole. Alimwambia muuguzi kwa sauti ndogo kwamba wageni hawa wana wasiwasi, labda wamekuja kuomba kazi.

Mzee akavuta pumzi, akainua kamera machoni. Na kwa mazoea ya maisha yao yote, bila kuambiwa na mtu, wale watatu wakageuka.

Walijishtukia mara moja. Kitinda aliziba mdomo. Lakini kabla hawajarudi, tulisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

"Wewe mkubwa," Mama Mwasisi akasema, "bega la kushoto limeshuka tena. Bado unabeba mkoba upande mmoja?"

Dada Mkubwa hakusogea. Hakuna aliyesogea.

"Na wewe baba," akamwambia Kaka, "mbona shingo imekwisha hivyo? Huli? Kitinda, toka nyuma ya dada yako, simama wima, nani atakuona huko?"

Alikuwa anawasema kama mama yeyote anavyosema wanawe siku ya kawaida, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia jambo lile lile. Kaka ndiye wa kwanza kushindwa kuvumilia. Aligeuka akamkimbilia, na wengine wakamfuata, wakapiga magoti mbele ya kiti chake, nyuso zimelowa, wakisema mama, mama, ni sisi.

Aliwatazama mmoja mmoja. Akatengeneza mtandio wake vizuri.

"Karibuni wageni," alisema. "Mnisamehe, wanangu walikuwa hapa sasa hivi. Sijui wameenda wapi."

Muuguzi alitoka nje. Mzee Geuka aliishusha kamera na kuinamisha kichwa. Kisha Dada Mkubwa akasimama taratibu, akafuta macho kwa kiganja, akageuka akautazama ukuta. Wadogo zake wakamwangalia, wakaelewa, nao wakasimama, wakageuka. "Tupo, mama," Kaka akauambia ukuta. Na mama akaendelea pale pale alipoishia, kwamba wamechelewa, kwamba chakula kinapoa, kwamba hakuna anayemsikiliza katika nyumba hii.

Nimetafuta maelezo. Daktari alisema ubongo una vyumba vingi na ugonjwa haugongi milango yote kwa zamu. Muuguzi anaamini sura ya mtu huzeeka na kubadilika, lakini namna ya kusimama hubaki ile ya utotoni. Dereva, aliyerudi kuegemea gari, aliniambia mimi ni msomi bure. Karibu kila picha ya Mzee Geuka, alinikumbusha, ilipita mezani kwa Mama Mwasisi kabla ya kutoka, naye aliikagua kwa makini, na miaka alipokuwa akisafiri huku watoto wakikua na walezi, picha zile ndizo alizolala nazo hotelini. Aliitazama migongo ya wanawe zaidi kuliko alivyowahi kuwatazama usoni. Sijui nimwamini nani. Nikimwamini dereva nafurahi kwa ajili ya Mzee wetu, kisha nawahuzunikia wale watoto, kisha nachanganyikiwa upya.

Tarehe ya pili ya kustaafu iliahirishwa kwa sababu hiyo. Dada Mkubwa aliagiza picha za miaka yote zitolewe kabatini, Mzee azichague mwenyewe, zikatundikwe chumbani kwa mama. Alichagua kwa wiki nyingi. Leo kuta tatu za chumba kile zimejaa visogo na mabega, na Mama Mwasisi hushinda akizungumza nazo: huyu alikuwa na homa siku hiyo, huyu viatu vilikuwa vinambana, baba yenu hapa alikuwa amenuna kwa sababu nimechelewa. Picha ya fundi bomba ilichanganyika humo kwa bahati mbaya. Aliitazama akaipita, akarudi, akasema huyu si wake ila amesimama vizuri, apewe chai. Tangu hapo daktari, aliyekuwa akidai kwamba mama anabahatisha tu, ameacha kusema hivyo.

Na watoto wa nyumba ile sasa huingia chumbani kwa mama yao kinyumenyume. Ndiyo, mmesoma sawa. Watu ambao majengo yanafunguka yakiwaona, ambao mawaziri huwainukia wakiingia, hufika mlangoni, hugeuka, na kurudi nyuma hatua kwa hatua huku wakipapasa hewa kwa mkono. Kaka ameshavunja chombo cha maua. Kitinda alimkanyaga muuguzi. Kigoda kimeondolewa na zulia limekunjwa lisimwangushe mtu. Ukiwaona mara ya kwanza utacheka, na mimi nilicheka. Mara ya pili niliondoka haraka kabla machozi hayajaniaibisha.

Kazi ya mwisho ya Mzee Geuka ilikuwa Ijumaa iliyopita. Dada Mkubwa alitaka picha moja ya kumbukumbu, yake na mama. Aliketi sakafuni na mgongo wake ukiegemea magoti ya mama yake, na mama, bila kuombwa, akamfungua nywele na kuanza kumchana. Alichana taratibu, akagombeza mafundo, akamsimulia mambo ya nyumbani kana kwamba mwanawe amerudi kutoka shule ya bweni. Mzee alikuwa amesimama upande wa mbele. Aliponyanyua kamera aliona alichokuwa hajakiona katika miaka yote hiyo: nyuso mbili, moja juu ya nyingine, zote zikimwelekea. Ya juu ilikuwa na furaha tele. Ya chini ilikuwa ikilia bila sauti, kwa sababu pale ilipo mama hawezi kuiona. Dada Mkubwa alimtazama Mzee moja kwa moja kwenye lenzi, akatikisa kichwa kukubali. Piga.

Mzee alifunika lenzi. Akainama kidogo kwa heshima, akabeba begi lake, akatoka akinyata.

Picha hiyo haipo. Nilimwuliza ofisini kwa nini, picha bora kuliko zote alizowahi kuzipata, tena kwa ruhusa. Akasema, "Yule mama alikuwa anamchana mwanawe," kisha akaenda kuosha kikombe chake. Nilimwuliza tena jioni. Akaniambia nipeleke salamu kwa watoto wangu nyumbani. Nimekubali kwamba sitaelewa, na nina hakika alikuwa sahihi, na sijui mambo hayo mawili yanakaaje pamoja.

Mzee wetu, kwa niaba ya kitengo cha habari, ya walinzi uliowapiga picha za pasipoti bure wakati wa chakula cha mchana, ya wote uliowafundisha kushika kamera bila kuwafokea, tunakushukuru. Umetufanyia kazi ambayo wewe mwenyewe hukuielewa siku ya kwanza, ukaifanya vizuri hadi ikamfaa mtu aliyepotelewa na kila kitu kingine. Ofisi itakuwa kimya na sisi tutazubaa wiki kadhaa. Nenda kapumzike kwa mama yetu, mkeo, aliyekungoja jioni nyingi na chakula chini ya kawa. Tunakuombea miguu isiyouma, usingizi wa mchana usiokatizwa na yeyote, na umri mrefu wenye heri. Na watoto wenu wanne watakapokuja kukuona, waingie mlangoni wakitanguliza nyuso zao, nawe uwajue wote.